Somo la Kumi na Mbili: Maneno ya Kiingereza cha Kale

  Nawe uliyekosa kutusikia redioni, somo lote limo humu. Lisome polepole, kalamu mkononi.

Tuanze na Kiswahili chetu. Zamani, mtu wa pwani akitaja rubani, alimkusudia mtu aongozaye chombo baharini. Leo ukitaja rubani, watu hutazama juu, maana wanafikiri habari ya ndege. Neno ni lile lile, kazi yake imehama. Maneno ya Kiingereza nayo yamehama hivyo hivyo.

Maneno ya kale ya Kiingereza ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni maneno mageni machoni. Utayakuta katika Biblia ya Mfalme James, iliyopigwa chapa mwaka 1611, na katika michezo ya Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616. "Yonder" ni kule. "Betwixt" ni baina ya. "Thou" ni wewe, mtu mmoja, na "ye" ni ninyi, watu wengi. Siku hizi Waingereza husema "you" kwa mmoja na kwa wengi. Sisi tungali tunatenga wewe na ninyi. Maneno haya hayana hatari. Ukiyaona tu, wajua kwamba huyajui, nawe utauliza.

Namna ya pili ndiyo yenye hatari: maneno unayodhani unayajua. Andika haya katika daftari lako.

MEAT. Leo ni nyama. Zamani lilikuwa chakula cho chote.

QUICK. Leo ni upesi. Zamani lilikuwa hai. Ndiyo maana zebaki huitwa "quicksilver", yaani fedha iliyo hai, kwa jinsi inavyokimbia.

SUFFER. Leo ni kuteseka. Zamani lilikuwa pia kuruhusu. Yesu aliposema watoto wadogo waachwe waje kwake, wafasiri wa mwaka 1611 walitumia neno hili. Watoto hawakuambiwa wateseke, waliruhusiwa.

LET. Leo ni kuruhusu. Lakini lilikuwapo neno jingine lililoandikwa vivyo hivyo, na maana yake ni kuzuia, kinyume kabisa! Limebaki katika pasipoti za Uingereza, mahali panapoombwa mwenye pasipoti apite bila kuzuiwa. Tena ukiona kibao "To Let" mlangoni, hapo haliruhusu wala halizuii: nyumba inapangishwa.

Sasa shika sana neno hili la mwisho: PRESENTS. Kwa kawaida ni zawadi. Lakini katika hati za sheria za mtindo wa kale, "these presents" ni hati hii hii iliyo mbele yako. Maneno hayo huonekana mara nyingi mwanzoni mwa hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako.

Tuseme una shamba, na umeletewa karatasi ya namna hiyo. Unasoma "presents", moyo unafurahi: kumbe kuna zawadi! Kumbe hati inampa aliyeileta mamlaka ya kuliuza shamba lako. Ukiisha kutia sahihi au dole gumba, kusema "sikufahamu" huenda kusikusaidie.

Utakuta na wenzake. "Aforesaid" ni aliyekwisha tajwa juu. "Heretofore" ni kabla ya sasa. "Hereinafter" ni kuanzia hapa na kuendelea. Ukiliona hili la mwisho, simama. Hapo ndipo mtu hupewa jina la kutumika hata mwisho wa hati. Tazama wewe umeitwa nani: mwuzaji au mnunuzi? Mkopaji au mkopeshaji?

Kwa nini wanasheria hawakuyaacha? Kwa sababu mahakama za Uingereza zilikwisha kuamua maana ya mengi ya maneno hayo, na mwanasheria huogopa kubadili neno lililokwisha kuamuliwa. Sheria hizo zilifika Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na utawala wa Waingereza. Tanzania ilibadili sheria yake mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Lakini hati za Kiingereza zingalipo.

Basi, fanya hivi. Kwanza, usitie sahihi siku ile ile uliyoletewa karatasi. Pili, usomewe kwa Kiswahili na mtu asiye na faida katika jambo hilo. Tatu, jiwekee nakala. Mwenye haraka ya kukuzuia usiulize, huyo ndiye wa kuulizwa zaidi. Kuuliza si ujinga.

ZOEZI. Andika maana ya kale na maana ya leo ya maneno haya: meat, quick, suffer, let. Kisha mweleze mtu mmoja wa nyumbani kwako maana ya "these presents".

Kwaherini, hata somo lijalo.