Makaburi Yaliyobaki Ndani ya Hifadhi

Kwa Waikoma wa wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, marehemu anakumbukwa kwa jina lake na kwa mahali alipolazwa. Jina anarithishwa mjukuu. Mtoto akishapewa jina la babu yake, baba mzazi naye huanza kumwita mwanawe “baba”, na bibi mjane humtania, “Mume wangu, leo umeniletea nini?” Mtoto wa miaka mitatu anajua kujibu. Utani huo unafanya kazi kubwa: jina la marehemu linatajwa kila siku nyumbani, kwa kicheko, muda mrefu baada ya matanga kuanuliwa.

Mahali ni jambo zito zaidi. Desturi ni kumzika mtu nyumbani kwake, karibu na boma, ili watoto wakue wakilijua kaburi na wajukuu waonyeshwe. Ndiyo maana ndugu wanaofia Mwanza au Dar es Salaam husafirishwa hadi mjini Mugumu na vijiji vya jirani, hata kama michango ya safari inawaacha wafiwa na deni.

Mbali na makaburi ya familia, kuna mahali pa ukoo mzima: kilima, chemchemi au mti mkubwa unaohusishwa na roho za wahenga, ambazo wazee huziita emisambwa. Wazee huenda huko kutambika, kuomba mvua na afya. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya simulizi za wazee wa eneo hilo katika miaka ya 1990, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2007, *Imagining Serengeti*, jinsi wenyeji wanavyoisoma nchi yao kupitia sehemu kama hizo. Mgeni anaona pori, mzee anaona mahame: hapa palikuwa na boma la fulani, pale alizikwa mama yake.

Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mipaka ikapangwa upya mwaka 1959. Sehemu ya ardhi ya zamani ya Waikoma, pamoja na jirani zao Wanata na Waisenye, ikaangukia ndani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawakusanya watu mbali na maboma yao, na mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Kaburi halihamishwi kama ng'ombe. Na anayekutwa akikatiza hifadhini bila kibali, hata kama anafuata kaburi la babu yake, ni rahisi kudhaniwa jangili.

Kuna kaburi jingine linalohusiana na hifadhi hiyo, lililo nje yake, ambalo linajulikana hadi mbali. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24 aliyekuwa akihesabu wanyama kutoka angani pamoja na baba yake, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tai. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kando ya barabara, chini ya mnara wa mawe. Baba yake, Bernhard, alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kutoka Ujerumani yakazikwa hapo hapo. Mzee wa Kiikoma hahitaji kuelezwa sababu: baba alitaka kulala alipolala mwanawe.

Heshima aliyopewa baba huyo ilikuwa stahili, na familia za Ikoma zinastahili ya namna hiyo hiyo. Hazidai mnara. Utaratibu wa kuziruhusu familia ziingie kwa kibali, siku inayojulikana, pamoja na askari wa wanyamapori, zikafagia kaburi, zikatambika na kutoka kabla ya jua kuzama, usingemdhuru nyumbu hata mmoja.

Wakati huo huo, mahali penyewe panapaswa kuandikwa. Katika vijiji kama Robanda, makaburi ya siku hizi yanajengewa saruji, yana msalaba, jina na tarehe. Ya zamani hayana maandishi. Yanatambuliwa kwa mwamba, mti au kijito cha jirani, na wanaoweza kuyataja kwa mpangilio ni wazee waliozaliwa kabla ya kuhamishwa. Kijana mwenye simu, akikaa na mzee na kumrekodi akitaja kilima kwa kilima, nani alilazwa wapi na jina lake amerithi nani, anaweza kuiokoa sehemu kubwa ya orodha hiyo sasa, wazee wakiwa bado wapo.