Kilele cha Nzaui: Mlima Uliopikwa Chini ya Ardhi

Mkazi wa Matiliku akiinua macho asubuhi, kitu cha kwanza anachokiona ni mwamba wa Nzaui. Mlima huu, wenye urefu wa takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, umewaongoza wasafiri kwa muda mrefu. Misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara iliutumia kama alama ya njia. Wazee wa Ukambani nao wanasimulia kwamba hapa ndipo Mulungu alipowashusha mwanamume na mwanamke wa kwanza wa Wakamba pamoja na mifugo yao, na kwamba nyayo zao zinaonekana kwenye mwamba hadi leo.

Kwa sababu kilele chake kimechongoka, watu wengi hudhani Nzaui ni mlima wa volkano, kama Kilimanjaro au Mlima Kenya. Sivyo. Mwamba wa Nzaui haukutoka juu kama moto. Ulipikwa chini, katika kina cha zaidi ya kilomita 20, na ulikuwa sehemu ya mizizi ya safu ya milima ambayo leo haipo tena.

Jambo hili linamhusu kila mkazi wa Makueni na Kitui, hata asiyewahi kupanda Nzaui. Historia ya mwamba huu ndiyo inayoeleza kwa nini mito yetu imejaa mchanga, kwa nini baadhi ya visima virefu vya mashine hukosa maji au hutoa maji ya chumvi, na kwa nini lori moja la mchanga linaloondoka mtoni linaweza kumaanisha ndoo tupu wakati wa kiangazi.

Bahari iliyofungwa

Miaka mingi kabla ya kuwapo kwa Afrika tunayoijua, eneo hili lilikuwa ukingoni mwa bahari. Ushahidi unapatikana Kitui. Mawe ya chokaa yanayopatikana upande wa Mutomo ni ya jamii ya marumaru, na marumaru ni chokaa iliyobadilishwa na joto. Chokaa ya namna hiyo kwa kawaida hujikusanya kwenye sakafu ya bahari.

Kati ya miaka milioni 650 na milioni 550 iliyopita, mapande makubwa ya ardhi yalisogeleana na bahari iliyokuwa katikati ikafungwa. Mapande hayo yalipogongana, tope, mchanga na chokaa vya baharini vilikunjwa kama nguo, vikasukumwa chini sana na kubanwa huku joto likipita nyuzi 600 za Selsiasi. Mawe hayakuyeyuka yote. Yalilainika, yakajipanga upya na kuwa mawe mengine kabisa.

Juu ya mahali hapo palisimama safu ya milima ambayo wanajiolojia huifananisha na Himalaya ya leo, iliyotokana na India kugongana na Asia. Mabaki ya mshono huo wa kale huitwa Ukanda wa Msumbiji. Unapita Ethiopia, Kenya, Tanzania na Msumbiji, na sehemu yake nyingine iko Madagaska. Tsavoraiti, kito cha kijani kinachochimbwa Taita Taveta, kilitokana na joto na mgandamizo huo huo.

Safu ile ya milima imekwisha. Mvua, jua, upepo na mito viliisaga kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kadiri mzigo wa juu ulivyopungua ndivyo mawe ya chini yalivyopanda polepole, mpaka kilichokuwa mzizi kikafika juu. Nzaui, Mbooni, Kilungu, Makuli na Nthangu upande wa Makueni, pamoja na Mutitu na jiwe maarufu la Nzambani karibu na mji wa Kitui, vyote ni visiki vya msitu mmoja wa milima uliokatwa zamani.

Jinsi ya kulisoma jiwe

Huhitaji chombo chochote kuyathibitisha haya. Tafuta jiwe lililovunjika hivi karibuni, uliangalie kwa karibu. Utaona mistari ya rangi nyeupe na nyeusi inayokwenda sambamba, wakati mwingine ikiwa imepinda kama mawimbi. Jiwe la namna hii huitwa naisi. Mistari hiyo ndiyo alama ya kubanwa: madini yalipolainika yalijipanga kufuata nguvu iliyokuwa ikiyakandamiza.

Sehemu nyeupe ni kwatzi na feldispa. Vipande vyeusi vinavyometameta ni ulanga, ule unaong'aa kwenye mchanga wa mito yetu jua linapowaka. Ukiona vidonge vidogo vyekundu iliyokolea, huenda ni ganeti, madini yanayotokea sana katika mawe yaliyobanwa kwenye kina kirefu.

Linganisha jiwe hilo na jiwe jeusi, lenye matundu kama sifongo, kutoka Milima ya Chyulu upande wa Kibwezi. Lile kweli ni la volkano. Chyulu ni changa sana: volkano zake zilianza chini ya miaka milioni 2 iliyopita, na mara ya mwisho zililipuka katikati ya karne ya 19, wakati mababu zetu wakiwa hai.

Ng'ambo ya Mto Athi kuna jambo jingine la kushangaza, nalo ni Uwanda wa Juu wa Yatta. Ule mgongo mrefu uliosawazika juu kama meza ni mto wa lava ulioganda karibu miaka milioni 13 iliyopita. Una urefu wa takribani kilomita 300, na ni miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Lava ilifuata bonde la mto wa kale na kulijaza. Baadaye ardhi laini ya pembeni ikamomonyoka, lava ngumu ikabaki. Kilichokuwa bonde sasa ni mlima.

Ili kuelewa tofauti ya umri wa mawe haya, fanya kila hatua moja unayopiga iwe miaka milioni 1. Ukirudi nyuma tangu leo, volkano za Chyulu utazifikia kabla ya kumaliza hatua ya pili. Lava ya Yatta ni hatua 13. Kuufikia wakati mwamba wa Nzaui ulipokuwa ukipikwa, utapiga hatua 600 hivi. Binadamu wa aina yetu yumo ndani ya theluthi moja tu ya hatua ya kwanza.

Kwa nini kilele kimebaki

Ikiwa milima mingine ilisagwa, kwa nini Nzaui ingali imesimama? Jibu ni kwamba mawe hayachakai kwa mwendo mmoja. Pale yalipokuwa na nyufa nyingi, maji yaliingia, feldispa ikageuka udongo wa mfinyanzi na mwamba ukabomoka. Pale palipokuwa na nyufa chache na madini magumu, mwamba ulikawia. Tofauti hiyo ndogo, ikirudiwa kwa mamilioni ya miaka, huacha kilele upande mmoja na tambarare upande mwingine.

Hata leo kazi hiyo inaendelea. Mwamba uliozoea kubanwa chini ukifika juu hutanuka, ukapasuka kwa matabaka kama maganda ya kitunguu. Ndiyo sababu mabamba makubwa ya mawe hulegea kwenye miteremko mikali na kuporomoka, hasa baada ya mvua kubwa.

Na zile nyayo? Wanajiolojia wanaeleza kwamba vishimo vya aina hiyo kwenye miamba hutokea pale maji ya mvua yanapotuama mara kwa mara. Madini dhaifu huliwa kwanza, kishimo kikapanuka na kupata umbo la mguu au kwato. Maelezo hayo hayaipunguzii Nzaui heshima yake. Masimulizi ya wazee yanatuambia watu wa hapa wanajitambuaje, nayo sayansi inatuambia jiwe limetoka wapi. Yote mawili yanastahili kufundishwa watoto wetu, na mahali penyewe panastahili kutunzwa. Kuchonga majina kwenye mwamba huo ni kufuta urithi usioweza kurudishwa.

Kutoka kileleni hadi kwenye ndoo

Sasa tufuate jiwe linapobomoka. Feldispa inakuwa udongo wa mfinyanzi. Chuma kilichomo kwenye madini meusi kinashika kutu na kuupa udongo wetu wekundu wake. Kwatzi haiozi. Inabaki punje ngumu, mvua inazisukuma korongoni, na korongo linazipeleka Kaiti, Muooni na Thwake, au Tiva, Nzeeu na Thua kwa upande wa Kitui. Mchanga tunaoukanyaga mitoni ni milima ya kale iliyosagwa.

Mchanga huo ni tangi la maji. Mto wa msimu ukikauka juu, maji hubaki kati ya punje chini. Kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya ujazo wa mchanga mnene uliolowa inaweza kuwa maji, na jua haliwezi kuyafikia kwa urahisi yale yaliyo chini zaidi ya nusu mita. Ndiyo maana akina mama wetu wamekuwa wakifukua visima vya mchangani tangu jadi.

Mabwawa ya mchanga yanatumia kanuni hiyo hiyo. Ukuta wa zege hujengwa kukatiza mto wa msimu mahali ambapo mwamba mgumu umejitokeza sakafuni. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanahifadhiwa ndani yake. Mwamba wa naisi ulio chini hauvuji kirahisi, hivyo unafanya kazi ya sakafu ya tangi. Kitui na Makueni zimekuwa mfano unaoigwa na nchi nyingine kwa mabwawa haya, na shirika la SASOL pekee limesaidia jamii za Kitui kujenga mamia tangu miaka ya 1990. Huko Mutomo, wakazi wanakinga mvua moja kwa moja juu ya miamba mitupu kwa kuta fupi zinazoelekeza maji kwenye matangi.

Mchanga ukichukuliwa kupita kiasi, tangi linatoboka. Kina cha mto kinashuka, visima vya kandokando vinakauka, kingo zinabomoka na misingi ya madaraja inabaki wazi. Mvua ijayo inapita mbio hadi baharini bila kuachia kijiji chochote. Mgogoro wa mchanga katika kaunti yetu umewahi kugharimu maisha ya watu. Ni kwa sababu hiyo Makueni ilipitisha Sheria ya Kuhifadhi na Kutumia Mchanga ya mwaka 2015 na kuunda mamlaka maalumu ya kusimamia rasilimali hii. Mlima unahitaji maelfu ya miaka kuujaza mto mchanga. Malori yanaweza kuumaliza katika misimu michache.

Kwa nini kisima cha jirani kina maji na chako hakina

Naisi haina matundu ya kuhifadhi maji. Maji ya chini ya ardhi hukaa ndani ya nyufa, na katika tabaka la mwamba uliooza lililo juu ya mwamba mzima. Kisima kikipata ufa wenye maji, familia inafurahi. Kikikosa, hata umbali wa mita chache tu, pesa zimepotea. Tena, maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya mawe huyeyusha madini, na ndiyo sababu visima vingi vya maeneo ya chini hutoa maji ya chumvi au yenye floridi nyingi, inayobadilisha rangi ya meno ya watoto.

Upande wa Kibwezi na Makindu hali ni tofauti. Mawe ya Chyulu yana matundu na nyufa tele, mvua inazama ndani na kutokea chini kama chemchemi safi. Chemchemi ya Mzima, inayopeleka maji Mombasa kwa bomba, inalishwa na mvua ya milima hiyo hiyo.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kuchimba kisima kirefu, fanya uchunguzi wa kitaalamu wa maji ya chini ya ardhi na upate idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Gharama ya uchunguzi ni ndogo kuliko ya kisima kikavu. Maji yakipatikana, yapimwe chumvi na floridi kabla ya kunywewa.

Usivune mchanga wa biashara bila kibali. Ukiona malori yakipakia usiku, toa taarifa kwa chifu, msimamizi wa wadi au Mamlaka ya Mchanga.

Usikate miti wala kuchimba mawe kwenye miteremko ya Nzaui na milima mingine. Mizizi ndiyo inayoshikilia udongo uliokaa juu ya mwamba na kuyapa maji ya mvua nafasi ya kuzama na kulisha chemchemi zilizo chini. Unapopanda mlima, pata kwanza ruhusa na maelekezo kutoka kwa Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), nenda na mwenyeji anayeijua njia, na usipande baada ya mvua kubwa.

Walimu wanaweza kuanza na somo rahisi. Chukua konzi ya mchanga kutoka mto ulio karibu na shule, umwage kwenye karatasi, na uwaulize wanafunzi zile punje nyeupe na zinazong'aa zimetoka wapi. Kisha watoke nje na kuangalia mlima.