Kijana wa Kakuma na Swali la Vijana wa Longech

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa Turkana hutujia akilini jua, vumbi na ukame. Ni wachache wanaokumbuka kwamba huko nako kuna bahari yake. Nami nilikuwa katika hao wengi mpaka siku nilipofika Longech.

Longech ni ulimi wa mchanga unaoitenga Ghuba ya Ferguson na ziwa kubwa. Ukitoka Lodwar, unakwenda kwa gari kiasi cha kilomita 60 mpaka Kalokol, kisha unavuka maji kwa mashua. Nilipokanyaga nchi kavu nilidhani nimerudi Faza au Vanga. Mikoma imesimama, nyavu zimetandazwa, na samaki waliopasuliwa wameanikwa juani, wale ambao kwetu tungewaita ng'onda.

Alasiri ilipoingia vijana walianza kandanda. Lango lao lilikuwa makasia mawili yaliyochomekwa mchangani, na mpira wao ni vipande vya nyavu kuukuu vilivyofungwa vikashikamana. Nikakumbuka utoto wangu, tulipokuwa tukitoroka chuoni kwenda kucheza mpira wa matambara, na bakora iliyotungoja tukirudi. Basi kijana mmoja mwembamba akawapiga chenga watatu, akafunga, na wenzake wakapiga kelele: "Mabil! Mabil!"

Jina hilo si la ziwani. Ni la Awer Mabil, aliyezaliwa tarehe 15 Septemba 1995 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar. Wazazi wake walikimbia vita vya Sudan. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina zaidi ya watu laki mbili. Mabil mwenyewe amesimulia jinsi walivyoishi katika kibanda cha udongo, wakila mlo mmoja kwa siku, na jinsi alivyojifunza mpira kwa miguu mitupu. Alikuwa tayari kutembea mwendo mrefu ili auone mchezo kwenye televisheni ya watu.

Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka kumi, jamaa zake walipewa makao Australia, katika mji wa Adelaide. Januari 2013, hajatimiza miaka kumi na minane, akaichezea klabu ya Adelaide United kwa mara ya kwanza. Mwaka 2015 akasajiliwa na Midtjylland ya Denmark, ambayo alitwaa nayo ubingwa wa nchi hiyo katika msimu wa 2019/2020. Kazi yake ni ya pembeni: kuchukua mpira ubavuni, kumtambuka beki na kuuingiza ndani. Kazi hiyo imemfikisha pia Ureno, Uturuki, Hispania, Chekia na Uswisi.

Oktoba 2018 aliivaa jezi ya taifa la Australia kwa mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait, na akafunga siku hiyohiyo. Katika mchezo huohuo Thomas Deng, rafiki yake wa tangu utotoni, naye alicheza kwa mara ya kwanza. Deng amezaliwa Nairobi. Tazama basi: watoto wawili wa ardhi ya Kenya, siku moja, katika timu ya nchi nyingine.

Wala safari yake haikuwa ya asali tupu. Januari 2019, mashindano ya Kombe la Asia yalipokuwa yakiendelea, umbu lake mdogo alifariki katika ajali ya gari huko Adelaide. Kijana akabeba msiba, na akarudi uwanjani.

Kisha ikaja tarehe 13 Juni 2022 huko Qatar. Australia na Peru zilikuwa zinagombea nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Dakika 120 zikapita bila bao, ikawa ni penalti. Mkwaju wa sita wa Australia ulikuwa wake. Alipiga, ukaingia. Mlinda lango Andrew Redmayne akaupangua mkwaju wa mwisho wa Peru, na Australia ikapita. Baadaye Mabil alisema kwamba mkwaju ule ulikuwa njia yake ya kuishukuru Australia kwa niaba ya jamaa zake. Mwaka 2023 akapewa tuzo ya kijana bora wa mwaka wa Australia.

Wala Kakuma hakuisahau. Yeye na kaka yake, Awer Bul, walishiriki kuanzisha jumuiya ya Barefoot to Boots, jina lenye maana ya kutoka miguu mitupu hadi kuvaa viatu, ili kupeleka vifaa vya michezo na misaada mingine kambini.

Nilimsimulia haya kijana wa Longech aliyekuwa akinitembeza. Akaniuliza:

"Mzee, huyo si Mkenya basi?"

Nikamweleza kwamba sheria yetu haitazami umezaliwa wapi, hutazama mzazi wako ni nani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Yeye alizaliwa Kakuma akapanda ndege. Sisi tuliozaliwa hapa, wenye nchi, tupande nini?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia asiionee wivu kambi, kwa kuwa kwa mwaka mmoja hata mkimbizi mmoja katika mia duniani hapati bahati ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Wengi wanazaliwa Kakuma na kuzeekea Kakuma. Lakini hilo si jibu la swali lake. Riziki hugawanywa na Mola, naye amekwisha kuweka kipaji katika mchanga ule, na Mabil ni shahidi. Kilichokosekana ni jicho la kuja kutazama: mwalimu wa mpira, ligi ya watoto, klabu itakayovuka maji kwenda Longech kama wafanyabiashara wa samaki wanavyovuka kila siku.

Na sisi tusicheke. Kutoka Kiunga mpaka Vanga wapo vijana wanaozeeka na vipaji vyao ufuoni, nasi tunawatazama tukinywa kahawa. Je, tunangoja mpaka mgeni awachukue, ndipo tuseme alikuwa wetu?

Jua lilipozama upande wa Lodwar mashua yangu iliondoka. Yule mwembamba alikuwa bado anacheza, na mpira ule wa nyavu umeanza kufumuka.