Mujina wa Sado na Apizo la Padhola (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliagana kwenye majabali. Tuliona ya kuwa katika hekalu la Omiwa, huko Nara, mungu hakujengewa nyumba, kwa sababu mlima wenyewe ndio makazi yake. Na tuliona ya kuwa watu wa Padhola nao, huko Tororo nchini Uganda, zama za kiongozi wao Majanga, mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa wakikutana kwenye jabali la Nyakiriga kwa ajili ya ibada ya Bura, ilhali hawakuwa na mfalme wa kuwaita wala askari wa kuwalazimisha. Leo napenda tushuke majabalini, tuingie katika nyumba ya mtu aliyefikwa na masaibu.

Tuseme mtu wa Kiyeyi, huko Padhola, anauguliwa na mtoto. Humpeleka zahanati, mtoto akapimwa damu, akapewa dawa ya malaria, akapona. Wala baba hana shaka kwamba mbu ndiye aliyemwuma. Lakini ikiwa ni mara ya tatu mwaka huo, na ng'ombe naye amekufa, na kijana mkubwa amefukuzwa kazi, basi lipo swali ambalo zahanati haikuliwekea dawa: kwa nini mimi, na kwa nini sasa? Hilo ndilo swali analompelekea jathieth, yaani mganga, na majibu aghalabu hayatoki nje ya njia zijulikanazo. Huenda ni jwogi, pepo wanaodai haki yao. Huenda ni tipo, neno ambalo maana yake ya kwanza ni kivuli, nalo ni roho ya marehemu, hususa aliyeuawa kwa dhuluma, imwandamayo muuaji na kizazi chake. Au huenda ni lam, apizo.

Kati ya hayo, mimi huliona lam kuwa ndilo lenye mafunzo mengi, kwa kuwa halitoki kwa adui wala kwa mgeni. Hutoka kwa mtu mwenye haki juu yako, mathalani shangazi aliyenyimwa fungu lake la mahari, au mjomba aliyedharauliwa mbele za watu. Na aliyelifunga ndiye alifunguaye. Basi hapo hupikwa kongo, pombe ya ulezi. Chungu huwekwa katikati, maji ya moto humiminwa juu ya machicha, na wazee hukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wote wakinywa chungu kimoja. Mwenye kinyongo husema yaliyomuuma, huombwa radhi, kisha kwa kinywa kile kile kilichoapiza hutamka heri. Ndugu waliokuwa hawasalimiani, leo mirija yao imekutana chunguni.

Mambo ya namna hii yaliwavuta wanazuoni wa Kijapani, na wa kwanza nimtajaye ni Nobuhiro Nagashima, aliyekaa na Wateso, kwanza wa Uganda, kisha wa upande wa Busia nchini Kenya, na mwaka 1987 akatoa kitabu juu ya kifo na maradhi kwa Wateso wa Kenya. Yeye hakutaka kuyaweka mambo haya chini ya jina la ushirikina, wala hata la dini. Aliunda neno katika lugha yake, sainron, lenye maana ya elimu ya chanzo cha masaibu, akidai kwamba kila taifa linayo elimu hiyo, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Nami namwunga mkono kwa moyo wote, kwani neno ushirikina limetumiwa mno na watu wasiokuwa na subira ya kusikiliza.

Aliyemfuata ni Kiyoshi Umeya, aliyefika Tororo katika miaka ya mwisho ya 1990, na kitabu chake kikubwa juu ya Padhola kilitoka kwa Kijapani mwaka 2018 na kwa Kiingereza mwaka 2022. Ila msomaji asidhani kwamba alianza kuuliza habari za ghaibu Afrika. Alianzia nchini kwao Japani, katika kisiwa cha Sado, na mwaka 2001 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu juu ya mapagao na maapizo ya kisiwa hicho.

Sado kimo katika bahari iliyo magharibi ya Japani, na sifa yake ni dhahabu, iliyoanza kuchimbwa kwa nguvu huko Aikawa mwaka 1601. Wenyeji wanasimulia ya kuwa ngozi za mivukuto ya kuyeyushia dhahabu zilikuwa za mujina, mnyama wa jamii ya mbwa aliyefanana na fungo kwa uso, ambaye aliletwa kisiwani kwa kazi hiyo hiyo. Mnyama aliyechunwa ngozi akageuka mtukufu. Hupagaa watu, huwapotosha njiani, na mkuu wao, Danzaburo, ana hekalu lake Aikawa, mahali paitwapo Futatsuiwa, yaani Majabali Mawili. Yeye ndiye, wasema, aliyemhadaa mbweha aliyetaka kuvuka bahari: alimwambia ajigeuze kandambili ili achukuliwe miguuni, na walipofika katikati ya maji akaivua na kuitupa. Kisiwani hakuna mbweha hata leo.

Lakini hadithi niipendayo zaidi ni ya mikopo. Mwenye shida aliandika hati, akataja kiasi anachotaka na siku ya kulipa, akatia mhuri wake, akaiweka kwenye mlango wa shimo la Danzaburo. Kulipokucha, fedha zilikuwapo. Ikaendelea hivyo mpaka wakopaji wakaanza kuvunja ahadi, mmoja baada ya mwingine, na shimo likanyamaza. Mzee wa Padhola aliyezoea kusikia kesi za lam angeisikiliza hadithi hii bila mkalimani wa maana, akauliza jambo moja tu: je, baada ya hapo, wadeni walikwenda kumwomba radhi?