Prosesa Ikipata Moto, Tazama na Kasi Yake

Swali ambalo mafundi wa kompyuta huulizwa mara kwa mara ni hili: prosesa ikifika nyuzi ngapi ndiyo imezidi? Anayeuliza hutaka namba moja tu. Namba hiyo ipo, nami nitaitaja, lakini peke yake haimfikishi mtu mbali. Joto la prosesa huleta maana linaposomwa pamoja na mambo mawili: kasi ambayo prosesa inakwenda nayo wakati huohuo, na mzigo iliobebeshwa. Yote matatu yanasomeka kwa kuandika amri chache bila kununua programu yoyote. Hapa nitatumia Linux, kwa sababu humo mambo haya yamewekwa wazi.

Kwa nini tuyasome pamoja? Mwaka 2001, mwezi Septemba, Thomas Pabst, mwanzilishi wa tovuti ya Tom's Hardware, alionyesha video akibandua kipozeo juu ya prosesa huku kompyuta ikiendelea kuchezesha mchezo wa Quake III. Prosesa za Athlon za AMD ziliungua papo hapo zikatoa moshi. Pentium III ya Intel iliganda, mchezo ukasimama. Pentium 4 iliendelea na kazi, ila kwa mwendo wa kujikokota, na kipozeo kiliporudishwa kasi yake nayo ikarudi.

Prosesa za leo zimefuata njia ya ile Pentium 4. Ikikaribia kikomo chake cha joto, hujipunguzia kasi yenyewe. Hilo lisipotosha, hujizima. Ndiyo maana siku hizi mwenye kompyuta haoni moshi, anaona uzito tu: video inakwamakwama, kivinjari kinachelewa kufungua kurasa, kazi iliyokuwa ya dakika mbili inakuwa ya dakika tano. Hapo wengi huanza kutafuta RAM ya kuongeza, au kuuza mashine kwa hasara, na kumbe shida ni vumbi lililoziba feni. Inauma kuona mtu akitoa fedha zake kwa kosa ambalo amri mbili zingelifichua.

Tuanze na joto. Kerneli ya Linux huandika vipimo vya vihisio katika mafaili ya kawaida, kwa hiyo unaweza kusoma bila kusakinisha kitu:

cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/type
cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/temp

Amri ya kwanza inataja majina ya vihisio, ya pili inatoa vipimo kwa mpangilio uleule. Ukiona 54000 usishtuke, kipimo hicho ni elfu za nyuzi, maana yake nyuzi 54 za Selsiasi. Katika mashine nyingi za Intel tafuta mstari wa x86_pkg_temp, huo ndio wa prosesa yenyewe. Ule wa acpitz aghalabu hupima sehemu nyingine ya ubao, na wapo wanaousoma wakaridhika kwamba mashine imepoa.

Kwa usomaji mzuri zaidi, sakinisha kifurushi cha lm-sensors, endesha sensors-detect mara moja, kisha andika sensors. Prosesa za Intel hujitokeza chini ya jina coretemp, za AMD chini ya k10temp. Kwa Intel utaona joto la kila kiini na, pembeni yake, kikomo ambacho mtengenezaji amekiweka, mara nyingi nyuzi 100. Kwa Ryzen nyingi za AMD kikomo ni kama nyuzi 95. Hiyo ndiyo namba niliyoahidi. Laptopu nyembamba inayofika nyuzi 90 ikiwa na kazi nzito bado imo ndani ya mipaka iliyopangiwa. Inayofika nyuzi 90 ikiwa imefunguliwa barua pepe tu, hiyo ina tatizo.

Sasa kasi. Amri ni grep MHz /proc/cpuinfo, nayo hutoa kasi ya kila kiini kwa megahezi. Kompyuta isipokuwa na kazi, kukuta 800 ni jambo la kawaida, kwani prosesa hushuka ili kuokoa umeme. Wapo pia wanaofungua faili la scaling_governor, wakakuta neno powersave na kudhani mashine imefungiwa kasi ya chini. Kwa prosesa za Intel zinazotumia kiendeshi cha intel_pstate si hivyo, kasi hupanda kazi ikija. Kwa hiyo kasi ya mashine iliyolala haikuambii lolote. Ipe kazi kwanza.

Fungua madirisha mawili ya amri. Katika la kwanza andika:

watch -n 2 'sensors; grep MHz /proc/cpuinfo'

Dirisha hilo litajisoma upya kila baada ya sekunde mbili. Katika la pili endesha stress-ng, programu ya Colin Ian King ya kuitesa kompyuta kwa makusudi:

stress-ng --cpu 0 --timeout 10m

Sufuri hapo ina maana ya viini vyote. Hifadhi kazi zako kabla ya kubonyeza, kisha usiondoe macho kwenye dirisha la kwanza. Sekunde za mwanzo kasi itaruka juu, tuseme megahezi 3400, na joto litapanda kwa haraka. Kinachofuata ndicho cha kutazama. Mashine yenye afya hushuka kidogo, labda hadi 2900, joto likatulia kwenye nyuzi 80 na kitu, na vyote viwili vikabaki hapo. Mashine iliyozibwa hugonga 100 ndani ya muda mfupi, kisha kasi huporomoka hadi 1500 au chini yake huku joto likiwa bado juu. Hizo ni namba za mfano, ila sura ya mporomoko ukishaiona mara moja hutaisahau.

Kuna sura ya tatu inayowapotosha hata mafundi: kasi iko chini, mzigo umejaa, lakini joto ni nyuzi 55 tu. Hapo usifungue feni. Aghalabu prosesa imenyimwa umeme. Baadhi ya laptopu zikichomekewa chaja zisiyoitambua, au betri ikiwa imechoka, huibana prosesa hata kama ni baridi. Jaribu chaja yake halisi kabla ya kugusa bisibisi.

Ukitaka ushahidi wa yaliyopita, andika sudo dmesg | grep -i throttled. Kwenye mashine za Intel kerneli aghalabu huandika humo prosesa inapobanwa kasi kwa sababu ya joto. Raspberry Pi ina amri yake, vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni heri. Jibu la 0x50005 linasema umeme ni hafifu na kasi imebanwa, sasa hivi na huko nyuma pia tangu ilipowashwa. Dawa yake huanzia kwenye adapta na waya.

Kuhusu mzigo nitasema machache. Amri ya uptime hutoa namba tatu, wastani wa dakika 1, 5 na 15, nawe huzilinganisha na idadi ya viini unayopewa na nproc. Linux huhesabu humo hata kazi zinazosubiri diski, kwa hiyo mzigo wa 9 kwenye viini 4 huenda usihusu prosesa kabisa. Fungua top utazame namba iliyoandikwa wa, yaani muda wa kusubiri diski: ikiwa kubwa, diski ndiyo inayochelewesha. Na kama ni seva ya kukodi mtandaoni, ambako kwa kawaida vihisio vya joto huvioni, tazama st, yaani muda ambao prosesa ilikuwa ikiwahudumia wengine wakati wewe unaihitaji.

Jambo moja linatuhusu sana sisi tunaoishi joto la pwani. Kipozeo hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na kwa kazi ileile tofauti kati ya viwili hivyo hubaki karibu sawa. Laptopu iliyopimwa nyuzi 72 katika chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya, hapa Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, itasoma kama 84 bila kuwa na ubovu wowote. Kwa hiyo unapoandika kipimo chako andika na joto la chumba. Na kama fundi amesafisha feni na kubadilisha ile pasta iliyokauka kati ya prosesa na kipozeo, rudia stress-ng mbele yake, kwenye chumba kilekile na kwa dakika zilezile, mlinganishe kasi ya dakika ya kumi kabla ya kumlipa.