Sala na Dawa kwa Mgonjwa wa Akili

Leo tunajibu swali ambalo wakristu wengi wanatuuliza: mtu akiugua akili, tumpeleke kwa padri au kwa mganga wa hospitali?

Wengine husema, "Amelogwa." Wengine, "Ana pepo." Wengine, "Imani yake ni haba." Ndipo mgonjwa anafungwa kamba, ananyimwa chakula, anapigwa ili pepo atoke. Ndugu, hayo siyo mafundisho ya Kanisa.

Mungu alituumba na mwili na roho. Ubongo ni kiungo cha mwili, na kila kiungo chaweza kuugua. Malaria kali humfanya mtu aseme ovyo. Kifafa humwangusha. Aliyeona vita au msiba mkubwa aweza kukosa usingizi, kushtuka kila mara, hata kutamani kufa. Hayo ni magonjwa. Si dhambi, wala si ulozi.

Tumtazame nabii Elia, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alimkimbia malkia Yezabeli, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Alimtuma malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Ndipo Elia akapata nguvu za kutembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Mtu wa Mungu alichoka rohoni, naye Mungu alianza kwa kuutunza mwili wake.

Kanisa latufundisha vilevile. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kilimwonya padri asisadiki upesi kwamba mtu ana pepo. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1673, yaeleza kwamba kutibu magonjwa ya akili ni kazi ya waganga. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, atwambia kwamba mganga na dawa vyatoka kwa Mungu. Mgonjwa asali, tena ampe mganga nafasi yake. Kwa sababu hiyo watawa wa Frères de la Charité, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest huko Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, wanawatunza wagonjwa wa akili, hata katika hospitali ya SOSAME mjini Bukavu.

Basi tufanye hivi. Tusimfunge mgonjwa wala kumpiga. Tumpeleke mapema kwenye kituo cha afya. Akipata nafuu, asiache dawa bila ruhusa ya mganga, maana ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu. Anayesema anataka kufa tusimcheke, wala tusimwache peke yake. Tumwite padri ampe Mpako wa Wagonjwa. Tusali naye, tule naye, twende naye shambani na Misani kadiri awezavyo.

Maswali ya kukumbuka

Je, mkristu anayemeza dawa ya akili amekosa imani?
La. Mungu asikiaye sala zetu ndiye aliyeziweka dawa katika ardhi.

Je, mgonjwa akianza kupona, tuache kusali?
La. Tumshukuru Mungu, tuendelee kusali, na dawa ziendelee.