Fiodi za Patagonia: Barafu Ilipokataza Barabara

Barabara kuu ya kusini mwa Chile, Carretera Austral, huanzia mji wa Puerto Montt na kupita misituni, kandokando ya maziwa na juu ya vivuko kwa zaidi ya kilomita 1,200, hadi Villa O'Higgins. Baada ya hapo hakuna pa kwenda. Anayetaka kufika Puerto Natales, kusini zaidi, bila kuzunguka kupitia Argentina, hana budi kugeukia baharini. Hupanda feri kwenye gati ndogo ya Puerto Yungay, na kwa zaidi ya saa 40 chombo hicho hujipenyeza kati ya milima iliyosimama majini, kikipitia Caleta Tortel na Puerto Edén.

Aliyeikataza barabara isipite ndiye huyohuyo aliyeichimba njia ya feri: barafu.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, enzi ya mwisho ya barafu ilipokuwa imepamba moto, sehemu hii yote ya Andes ilifunikwa na barafu nene iliyoteremka taratibu kuelekea Pasifiki. Barafuto, yaani mto wa barafu unaotembea, hukokota mawe na changarawe chini yake, na kwa mawe hayo huukwangua mwamba kama seremala anavyopiga randa ubao. Bonde lililochongwa na mto wa maji huwa na umbo la V. La barafuto huwa na umbo la U, lenye kuta za wima na sakafu pana. Isitoshe, barafu nzito huweza kuchimba hata chini ya usawa wa bahari, kazi ambayo mto wa kawaida hauiwezi. Hali ya hewa ilipopata joto na barafu ikarudi nyuma, bahari iliingia kwenye mabonde hayo. Bonde lililofurika namna hiyo ndilo huitwa fiodi.

Kina chake ni cha kutisha. Mfereji wa Messier, ambao feri huupita, unashuka zaidi ya mita 1,300. Ziwa Tanganyika, lenye kina kikubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, lina mita 1,470 hivi. Ndiyo maana meli kubwa inaweza kupita karibu na ukuta wa mlima bila kugusa chini.

Lakini kina hicho hakiko kila mahali. Katikati ya maji mengi huweza kuchomoza kilele cha mwamba ambacho barafu ilishindwa kukisaga. Ushahidi unaonekana ukiwa sitahani: meli ya mizigo Capitán Leonidas ilipanda mwamba wa Cotopaxi mwaka 1968, na mpaka leo mabaki yake yenye kutu yamesimama wima katikati ya mfereji, utadhani bado yanasafiri. Kusini yake kuna Angostura Inglesa, mlango mwembamba ambao, pale panapobana zaidi, haufiki hata mita 200 kwa upana. Hapo meli mbili kubwa hazipishani. Nahodha hutangaza kwa redio kwamba anaingia, huangalia mkondo wa maji kujaa na kupwa, kisha hupita polepole, huku akikata kona kati ya visiwa vyenye miti hadi majini.

Mvua karibu haikatiki. Pepo za magharibi huzoa unyevu wa Pasifiki na kugonga Andes. Hewa hulazimika kupanda, hupoa, na maji yake humwagika. Eneo la Puerto Edén hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara tatu ya Dar es Salaam. Maji hayo matamu, pamoja na yale yanayoyeyuka kutoka kwenye barafu, ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake kama tabaka la mita chache. Karibu na barafuto tabaka hilo huwa na rangi ya kijani-maziwa kwa sababu ya unga laini wa mawe uliosagwa na barafu. Chini yake bahari inaendelea na maisha yake. Katika baadhi ya fiodi za Chile wapiga mbizi hukuta matumbawe ya maji baridi kwenye kina cha mita 20 hivi, ingawa jamaa zao kwingineko huishi kwenye vilindi vya mamia ya mita.

Kijiji cha Puerto Edén kiko kwenye kisiwa cha Wellington, na wakazi wake hawafiki mia mbili. Hakina gari hata moja, kwa kuwa hakina barabara ya kuliendeshea. Nyumba zimepangana ufukweni, na njia ya kutoka moja hadi nyingine ni ya mbao, iliyoinuliwa juu ya tope na mboji inayotitia. Mti mashuhuri wa ujenzi huku ni mvinje wa Guaitecas, ambao hukua polepole mno na mbao zake hustahimili kuoza. Feri ikifunga gati, kijiji kizima huwa na shughuli: kuna wanaopokea mizigo, wanaopokea wageni, na wanaosafiri kwenda kumwona daktari mjini.

Kabla ya feri, wenyeji wa maji haya walikuwa Wakawésqar, watu wa mitumbwi. Walihama kutoka ghuba hadi ghuba wakiwinda simba-bahari, na moto uliwaka daima ndani ya mtumbwi, juu ya tabaka la mchanga. Wanawake walipiga mbizi kwenye maji ya baridi kali kuchuma kome. Mtafiti Mfaransa José Emperaire aliishi nao Puerto Edén katika miaka ya 1940, wakati magonjwa yalikuwa yamekwisha kuwapunguza sana. Wazao wao wachache bado wako kijijini.

Kome wameendelea kuwa riziki. Wavuvi huwachemsha, huwatunga kwenye kamba na kuwakausha kwa moshi, kisha huwapakia kwenye feri. Biashara hiyo imepigwa vibaya na maji mekundu, yaani mlipuko wa mwani mdogo sana uitwao Alexandrium catenella, ambao ulirekodiwa kwa mara ya kwanza katika mkoa wa Magallanes mwaka 1972. Kome huchuja maji ili wapate chakula, na sumu ya mwani hurundikana mwilini mwao bila kuwadhuru. Anayewala huanza kufa ganzi midomo na vidole, na sumu ikizidi, misuli ya kupumulia hupooza. Sumu hii haina dawa ya kuiondoa, na kuchemsha hakuiharibu. Mwaka 2015 nyangumi zaidi ya 300 walikutwa wamekufa kwenye pwani ya Ghuba ya Penas na fiodi za jirani. Watafiti waliona kuwa mwani wa aina hii ndio chanzo kinachoelekea zaidi.

Barafu yenyewe bado inafanya kazi. Barafuto nyingi za eneo hili zinarudi nyuma kadiri dunia inavyopata joto, ila Pío XI, iliyo jirani na Puerto Edén, ilisonga mbele kwa kilomita kadhaa katika karne ya 20. Kaskazini zaidi, tangu mwaka 2008, ziwa la Cachet 2 limekuwa likipasua njia chini ya barafuto ya Colonia na kujimwaga ghafla kwenye mto Baker, unaoingia baharini karibu na Tortel.

Anayekusudia kusafiri huko akate tiketi mapema, kwani feri haipiti kila siku, na abebe koti la mvua hata wakati wa kiangazi. Asichume kome mwenyewe ufukweni. Akikaribishwa kome, aulize kwanza kama wamepimwa maabara, kwa sababu kome mwenye sumu haonyeshi tofauti yoyote ya rangi, harufu wala ladha.